Dawa moja imekuwa tatu: presha na ukuta wa moyo ulionenepa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 56. Niligundulika na presha miaka minne iliyopita, nikaanzishiwa amlodipine ya mg 5, baadaye ikapandishwa hadi 10. Mwezi uliopita nilikutwa na 168/102. Jioni miguu inavimba, na nikipanda ngazi za ghorofa ya pili shuleni pumzi inakata. Nimepimwa moyo kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti): ukuta wa kati mm 14, ukuta wa nyuma mm 13, chumba cha kushoto mm 46, nguvu ya kusukuma asilimia 62, na imeandikwa kuwa misuli imenenepa. Figo na potasiamu ziko vizuri. Sasa nimepewa amlodipine 5, pamoja na kidonge chenye losartan 50 na hydrochlorothiazide 12.5 ndani yake. Kutoka dawa moja hadi tatu, ndiyo kusema nimefika pabaya? Jirani mmoja anatumia enalapril na kaka yangu atenolol, kila mmoja anasifia yake. Moyo ulionenepa unaweza kurudi? Je, dawa nyingi haziui figo? La mwisho, tangu nianze dawa hizi mpya kuna mabadiliko nyumbani ambayo mtu mzima ataelewa. Uzito wangu ni kilo 78, urefu sentimita 168.

JIBU: Mwalimu, kuongezewa dawa si dalili ya kufika pabaya. Pabaya palikuwa pale uliposhinda miaka minne na dawa moja huku presha ikicheza kwenye 160 na kitu. Daktari wako amefanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kufanyika mapema zaidi, na lawama hiyo si yako. (Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyochapwa kwenye boksi, uyatambue ukiwa famasi.)

Mazoea ya zamani yalikuwa kuanza na dawa moja, kuipandisha mpaka mwisho wa dozi, kisha ndipo kufikiria ya pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kuanza na dawa za mchanganyiko, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Sababu ni hesabu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya aina nyingine hushusha presha takriban mara tano kuliko kuongeza maradufu dozi ya ile ile unayotumia. Madhara nayo mara nyingi hufuata ukubwa wa dozi. Wewe ulipandishwa amlodipine kutoka 5 hadi 10: presha ikashuka kidogo, miguu ikavimba sana. Hiyo biashara haikuwa na faida.

Mwili haupendi presha ishushwe, hata kama iliyopo inauumiza. Amlodipine ikilegeza mishipa, figo hushika chumvi na maji ili kufidia. Ukimeza dawa ya kukojosha peke yake, chumvi inatoka, lakini figo zinaamsha renini (kimeng'enya chao), renini inazalisha angiotensini (homoni), na angiotensini inabana mishipa upya. Umefunga mlango, presha imeingilia dirishani. Dawa tatu za njia tatu tofauti huziba matundu yote kwa wakati mmoja, kila moja kwa dozi ya kadiri: amlodipine inalegeza kuta za mishipa, hydrochlorothiazide, ambayo ndiyo ya kukojosha, inatoa chumvi, losartan inaizuia angiotensini isifanye kazi yake.

Kuna faida nyingine ambayo wagonjwa hawaambiwi sana, nayo ni kwamba dawa hizi zinarekebishana kasoro. Hydrochlorothiazide huteremsha potasiamu, losartan huipandisha kidogo. Huo uvimbe wa miguu nao una maelezo yake. Amlodipine hufungua zaidi mishipa inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji huchujika nje na kutuama kwenye vifundo. Si maji ya mwili kuzidi, ndiyo maana dawa ya kukojosha peke yake haiuondoi vizuri uvimbe wa aina hiyo. Losartan hulegeza upande wa kurudisha pia, na kushusha amlodipine hadi 5 kunasaidia. Leo jioni ukivua soksi, tazama jinsi alama ya mpira ilivyozama kwenye ngozi, ipige picha kwa simu. Piga tena baada ya wiki nne, mguu ule ule, saa ile ile. Uvimbe ukigoma, au ukipanda kuelekea magotini, au mguu mmoja ukavimba kuliko mwenzake, rudi hospitali. Hapo hatuitazami amlodipine peke yake.

Tuje kwenye moyo wenyewe, maana ndiko kulikokutia hofu. Chumba cha chini cha kushoto kinasukuma damu kwenda mwili mzima. Presha ikiwa juu miaka kadhaa, chembe za misuli yake haziongezeki idadi, ila kila moja inanenepa, na katikati yake nyuzi za kolajeni (protini ngumu inayoshikilia chembe) zinazidi. Ukuta unakuwa mnene na mgumu. Ripoti yako haisemi moyo umetanuka wala umechoka: chumba cha mm 46 ni cha kawaida, na asilimia 62 ni nguvu nzuri ya kusukuma. Tatizo liko upande wa kujaa. Ukuta mgumu haulegei upesi kati ya pigo na pigo. Ukiwa umekaa muda unatosha, damu inaingia. Ukipanda ngazi mapigo yanakwenda mbio, nafasi ya kujaa inakuwa fupi, presha inarudi nyuma kwenye mapafu, na pumzi inakata. Ndivyo mtu anavyoweza kuambiwa moyo unasukuma vizuri na bado akahema ghorofa ya pili. Hali hiyo ikiachwa, chumba cha juu cha kushoto kinapanuka, mapigo yanaweza kupoteza mpangilio, damu ikaganda humo, na bonge likaenda kwenye ubongo. Kiharusi cha namna hiyo ndicho tunachokikimbia kuliko kitu kingine.

Angiotensini inaunenepesha moyo kwa njia mbili: kwa kupandisha presha, na kwa kuziambia chembe za moyo zikue na kolajeni iongezeke. Kwa hiyo dawa mbili zinaweza kuipa mashine ya presha namba zinazokaribiana na bado zisiwe sawa kwa ukuta wa moyo. Uchambuzi wa tafiti 80 uliochapishwa mwaka 2003 uliziweka kwenye mstari mmoja kwa kupima uzito wa misuli ulivyopungua: kundi la losartan asilimia 13, kundi la amlodipine 11, kundi la enalapril 10, dawa za kukojosha 8, na kundi la atenolol 6. Kaka yako basi ana dawa iliyo mkiani kwa jambo hili. Lakini asiiache kwa kusoma hapa! Atenolol ikikatwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua, na huenda alipewa kwa sababu nyingine kabisa, kama mapigo ya haraka.

Utafiti mkubwa uliozipima losartan na atenolol ana kwa ana ni ule uitwao LIFE, uliotoka mwaka 2002. Waliingizwa watu 9,193 wa miaka 55 hadi 80, wote wenye presha na dalili za moyo mnene kwenye kipimo cha umeme wa moyo, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Presha ilishuka kwa kiwango kinachokaribiana pande zote mbili. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 25 upande wa losartan. Na wengi wao hawakuwa kwenye losartan tupu. Walikuwa wameongezewa hydrochlorothiazide, yaani mchanganyiko ulio ndani ya kidonge chako.

Hapa lazima niongeze jambo ambalo vipeperushi vya dawa hulipita kimya. Utafiti ule ulifanyika Ulaya ya kaskazini na Marekani, na watu weusi walikuwa 533 tu. Kwao losartan haikuishinda atenolol. Matukio ya moyo na kiharusi yalikuwa machache zaidi upande wa atenolol, ingawa alama za unene wa moyo zilipungua zaidi kwa losartan. Kundi dogo kama hilo halitoi hukumu ya mwisho, ila linatosha kuniambia kwamba Mwafrika mwenye presha nisimuachie losartan peke yake. Watu wetu wengi presha yao hufuata chumvi na renini yao iko chini, hivyo dawa ya kuzuia angiotensini ikiwa peke yake mara nyingi haifui dafu.

Bahati nzuri hatubahatishi tena. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya CREOLE, utafiti uliofanywa kwetu: Kenya, Uganda, Msumbiji, Afrika Kusini, Nigeria na Kameruni, watu weusi 728, kila mmoja kwenye dawa mbili kwa miezi sita. Amlodipine na hydrochlorothiazide, au amlodipine na perindopril (ndugu wa enalapril), zililingana. Mchanganyiko usiokuwa na amlodipine ndio ulioachwa nyuma. Kwa hiyo katika karatasi yako ya dawa, mimi ningeitazama amlodipine kuwa ndiyo nguzo ya kushusha presha, hydrochlorothiazide msaidizi wake wa chumvi, na losartan ndiyo inayokwenda kuzungumza na ukuta wa moyo. Ukikosa pesa au dawa ikiisha famasi, usifikiri zote tatu zina kazi moja na kwamba yoyote itatosha.

Je, utarudi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, lakini tuhesabu. Kwa vipimo vyako, fomula tunayotumia inatoa misuli ya gramu 243 hivi. Tukigawa kwa eneo la mwili wako tunapata gramu 127 kwa kila mita ya mraba. Kwa mwanamume tunataka isizidi 115. Ukipunguza asilimia 13 unashuka hadi gramu 211, ambazo ni 111 kwa mita ya mraba. Uko ndani ya mpaka. Siwezi kukuahidi, kwa sababu asilimia 13 ni wastani wa watu wengi, na nyuzi za kolajeni zilizokwisha kukomaa hazitoki zote. Ila umbali wako na mstari si mrefu.

Usikimbilie kurudia eko kila baada ya miezi mitatu. Umelazwa ubavu wa kushoto, umepakwa jeli ya baridi, na mpimaji anaweka alama mbili kwenye skrini, ukingo hadi ukingo wa ukuta, moyo ukiwa umelegea. Akiinamisha kifaa kidogo, anaukata ukuta mshazari na unaonekana mnene. Akikosea mm 1 tu kwenye ukuta wa kati, hesabu inabadilika kwa gramu 13, kwa sababu fomula inazidisha namba hizo mara tatu zenyewe kwa zenyewe. Mtu anasherehekea kutoka mm 14 hadi 13 kumbe ni mkono wa mpimaji. Rudia baada ya mwaka, mahali pale pale ikiwezekana, na uende na ripoti ya kwanza mkononi. Ukuta ungekuwa umezidi mm 15 huku presha haikuwahi kuwa juu sana, au kama kuna ndugu aliyeanguka ghafla na kufa akiwa kijana, ningetafuta magonjwa mengine ya misuli ya moyo. Kwako presha inatosha kuwa maelezo.

Cha kufuatilia kila siku ni presha yenyewe. Nataka uwe chini ya 130/80 bila kizunguzungu unaposimama. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, usiongee. Pima mara mbili, andika zote mbili hata ile inayokuudhi. Baada ya wiki nne kama bado uko juu, kuna nafasi ya kusogea: losartan inaweza kupanda hadi 100, dozi ambayo washiriki wa LIFE walipandishwa hadi kuifikia. Tatu zikishindwa kwa dozi kamili, ya nne mara nyingi huwa spironolactone. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 uliikuta inazishinda nyingine katika nafasi hiyo. Ila kabla ya ya nne nitakuuliza dozi ulizoruka, unavyokoroma usiku, na ng'onda. Samaki wa chumvi, achari na vidonge vya supu vinaweza kuivuruga hydrochlorothiazide kabisa. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyojificha kwenye mkate, isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

Enalapril ya jirani usiiongeze. Inakata njia ile ile ya angiotensini inayokatwa na losartan, juu kidogo tu. Utafiti wa ONTARGET wa mwaka 2008, wenye watu 25,620, ulijaribu kuunganisha dawa za makundi hayo mawili: faida haikuonekana, figo ziliumia zaidi. Mchanganyiko mzuri ni wa njia tofauti.

Kuhusu figo, presha isiyotibiwa inaziua figo zaidi kuliko vidonge hivi. Hata hivyo pima kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu kati ya wiki ya pili na ya nne. Kreatinini ikipanda kidogo, hadi asilimia 30, hatuogopi, kwa sababu presha ndani ya figo imeshuka. Ikizidi hapo au potasiamu ikapanda, tunabadilisha. Adui wa kweli yuko kwenye mfuko wa dawa za maumivu. Diclofenac, ibuprofen au meloxicam juu ya losartan na dawa ya kukojosha ni mchanganyiko unaoweza kuziangusha figo ndani ya siku chache, tena unapandisha presha. Mgongo ukiuma, tumia paracetamol, na ukienda duka la dawa taja dawa zako kabla hawajakufungia kitu. Ukipata kuhara au kutapika kwingi, simamisha losartan na hydrochlorothiazide mpaka ule na kunywa vizuri, na mpigie daktari siku hiyo hiyo. Kama nyumbani yuko mwanamke mwenye umri wa kuzaa, asiazime vidonge vyako. Losartan ni hatari kwa mimba.

Saa ya kumeza haina uzito unaosemwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni. Asubuhi inakufaa ili usiamke kukojoa usiku. Ramadhani ikifika, kama unafunga, hamishia futari, ukisha kuhakikisha na daktari kuwa presha imetulia.

Kidonge cha pamoja nakipenda kwa sababu mtu husahau kimoja kwa shida kuliko vitatu. Lakini uliza bei na uliza kama bima yako inakilipia. Kama huwezi kukipata kila mwezi, losartan na hydrochlorothiazide kwa vidonge tofauti, kila siku, ni bora kuliko kidonge kizuri kinachokatika tarehe 18.

Lile la nyumbani uliloliandika kwa kuzunguka, Mwalimu, ni swali la kawaida kliniki, na wanaume wengi huacha dawa kimya kimya kwa ajili yake. Losartan na amlodipine mara chache ndizo zinazosababisha. Anayeshukiwa ni hydrochlorothiazide, na atenolol ya kaka yako. Presha yenyewe pia hudhoofisha mishipa ya huko, pengine tangu kabla ya dawa, na wiki za kwanza za hofu nazo zina mchango wake. Jipe wiki sita hadi nane. Ikiendelea, mwambie daktari wako waziwazi. Tunaweza kuondoa dawa ya kukojosha na kupandisha losartan, kisha tuone presha inasemaje. Zipo pia dawa za nguvu za kiume zinazokubalika na hizi tatu, baada ya kupimwa na mradi hutumii dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, za jamii ya nitrati. Vumbi la Kongo liache dukani, hakuna ajuaye kilichochanganywa humo.

Zile amlodipine 10 zilizobaki kabatini zisikae pamoja na za 5. Kama kidonge kina mstari katikati, kata nusu kwa kisu kikavu na umalize boksi kwanza, umepunguza gharama ya mwezi huu. Kama hakina mstari, zirudishe famasi.